Kuhusu hicho chakula cha kubonyeza

Mwanangu, swali lako limenifikia, na maneno yaliyolisindikiza pia yamenifikia. Wewe umeuliza kwa adabu: wakati wa baridi mimi halati yako, dada wa mama yako, napika vyakula gani vya haraka na visivyo na kazi, ili nawe ujifunze kabla safari yako ya kuja huku haijaiva. Shemegi yangu akadakia kwamba huna haja ya kujifunza lolote, kwa sababu yuko mtu aliyekuja Wete Idi iliyopita akasimulia barazani kuwa Uingereza hakuna anayepika, kila kitu kinauzwa tayari, mtu anakitia kwenye mashine ya maikrowevu, anabonyeza, mashine inalia, naye anakaa kitako anakula. Wewe nitakujibu kwa upole, ila yeye nitamjibu kwanza.

Hicho chakula cha kubonyeza nakijua vizuri kuliko aliyekisimulia, kwa sababu ndicho ninachokipakia. Nafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda kimoja hapa Leicester. Visahani vya plastiki vinapita mbele yangu juu ya mkanda, nami natia wali kijiko kimoja kwa kila kisahani na kufuta ukingo kwa kidole chenye glavu, kwani punje moja ikisalia ukingoni ile karatasi ya juu haigandi sawasawa, kisahani kinarudishwa, na msimamizi anakuja kuuliza ni nani aliyekuwa kwenye wali. Ukumbi wenyewe unapozwa makusudi usiku na mchana ili chakula kisiharibike, na sisi tunavaa makoti ndani ya nyumba. Kwa hiyo alfajiri nikitoka nikakuta barafu imeganda juu ya vioo vya magari, siwezi kusema nimetoka kwenye joto nikaingia kwenye baridi. Kuku aliyemo humo si halali, na mchuzi wake una rangi ya chungwa na utamu wa sukari. Mashine ipo, shemegi, na kubonyeza kupo, lakini anayebonyeza si mimi.

Vya halali navyo vinauzwa, nisije nikaambiwa nimeficha. Kisahani kimoja hakimshibishi mtu aliyesimama usiku kucha, na bei ya viwili inanunua mfuko wa adesi wa kilo mbili. Tena kuna jambo ambalo msimulizi wenu wa barazani hakulisema, pengine kwa sababu alikuwa mgeni nyumbani kwa watu na bili haikumfikia. Nyumba ninayokaa ina mita ya umeme ya kulipia kwanza, kama Tukuza yenu ya Zanzibar, isipokuwa ya huku inakata ada ya kila siku hata ukizima kila kitu ukalala, na gesi ya kupashia nyumba ina mita yake mbali. Ukijaza moja nyingine inapungua. Ipo jioni ambayo mtu anasimama katikati ya jiko akiwa na koti lake mwilini, anahesabu kama pesa iliyobaki iende kwenye hita au iende kwenye sufuria, na mimi mara nyingi nachagua sufuria, maana chakula cha moto kinapasha tumbo na moto wake unapasha jiko.

Hiyo ndiyo maana ya chakula cha haraka kwetu wakati wa baridi. Si kwamba tuna shughuli kubwa za watu wakubwa, ni kwamba kila dakika ya moto inalipiwa. Na mwezi wa Disemba jua linazama kabla ya saa kumi za jioni, hata adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya muda wa saa nne hivi. Anayefanya kazi usiku anaamka kukiwa giza limeshakaribia, na mwili ulioamkia giza hautaki kusimama jikoni.

Sasa wewe, mwanangu. Nianze na adesi, kwa sababu ndizo zilizonilea huku. Nunua zile nyekundu zilizomenywa, ambazo hazihitaji kurowekwa. Kikombe kimoja cha adesi kinataka vikombe vitatu vya maji. Zioshe mpaka maji yaache weupe, zibandike na bizari ya manjano, uengue povu zikianza kuchemka, kisha funika na upunguze moto. Baada ya dakika 15 hadi 20 zitakuwa zimevurugika zenyewe bila mwiko. Wakati zinachemka, kaanga kitunguu maji mpaka kiwe na rangi ya hudhurungi, kisiishie kwenye unjano, halafu tia thomu na tangawizi iliyopondwa, bizari nyembamba na tungule moja, uvimimine vyote ndani. Tungule na ndimu zisiingie mwanzoni, kwa sababu ukali wake unazuia adesi kulainika na utaongeza moto bure. Tui nusu kopo litie mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika, na ndimu ikamuliwe sufuria ikishaepuliwa. Ukizifanya nzito utazila kwa wali, ukizifanya nyepesi utakunywa kwa kikombe kama supu, pamoja na boflo. Mimi natia pilipili nyingi kuliko nilivyokuwa nikila nyumbani. Hili la pilipili usimwambie bibi yako, atasema nitapata vidonda vya tumbo.

Tui la kopo ni zito kama malai na halina harufu ya nazi iliyokunwa asubuhi hiyo. Utalizoea. Usibebe mbuzi wa kukunia, nazi nzima za huku zimesafiri sana, ukivunja tatu huenda mbili zimechacha.

Muhogo upo, majimbi yapo, bamia zipo, yote katika maduka ya Wahindi ya Belgrave Road, na wengi wa wenye maduka hayo familia zao zilitoka Afrika Mashariki, hasa wale aliowafukuza Idi Amin Uganda mwaka 1972. Wazee wao wengine bado wanakisema Kiswahili na watakuuliza habari za Pemba. Muhogo unauzwa umeshamenywa na kugandishwa. Utoe kwenye friza, uutie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, na ndani ya nusu saa umeiva, kisha mwaga maji, utie tui, pilipili mbichi na chumvi kidogo. Asubuhi pika uji wa oti kwa maziwa, iliki na mdalasini, ni dakika tano tu, na sina la kuongeza hapo.

Maharage mekundu nunua ya kopo. Ukinunua makavu kwa ajili ya kubana matumizi, na najua utanunua, yaroweke usiku, umwage maji yake, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto. Kuna watu wananunua sufuria za umeme zinazopika polepole, wanatia maharage mabichi humo na kwenda kazini, na joto lake halitoshi kuua sumu iliyomo, wakirudi wakila wanatapika usiku kucha.

Na hapa kwenye kiporo nitakuwa mkali. Nyumbani tumezoea wali wa jana kulala kwenye sufuria, asubuhi unapashwa na kuliwa kwa chai, na kila mtu anaapa kwamba haujamdhuru. Huku utapika sufuria kubwa ili ikutoshe na kesho yake, ni fikra nzuri, lakini usiuache juu ya jiko. Vijidudu vya mchele vinabaki hai hata wali ukiiva, ukikaa na uvuguvugu vinazaana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uuingize kwenye friji ndani ya saa moja, uule ndani ya saa 24, na usiupashe zaidi ya mara moja. Ukiugua tumbo huku hakuna wa kukupikia uji, na siku usiyokwenda kazini huenda mshahara ukapungua.

Samaki ni jambo refu. Mwanzoni nilikuwa nikibeba mchuzi wa papa kwenye kibakuli, naupasha kwenye mashine ya chumba cha mapumziko, kwa sababu usiku wa manane, mikono ikiwa haihisi kitu, hakuna kinachomrudisha Mpemba duniani kama papa. Kesho yake nilikuta karatasi imebandikwa juu ya mlango wa mashine, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba wafanyakazi wanaombwa wasipashe samaki wenye harufu kali. Jina langu halikutajwa. Halikuwa na haja ya kutajwa, maana watu waliokuwa mezani waliisoma karatasi kisha wakaniangalia kibakuli. Tangu siku hiyo nabeba adesi. Usibebe samaki kazini, na ukipika nyumbani toa makoti yote jikoni na ukumbini kwanza, uyafungie chumbani, kwani sufu inashika harufu ya kukaanga na utapanda nayo basi asubuhi watu wakikusogelea kisha wakikuhama.

Lakini usiache samaki. Mwili wetu huku unapungukiwa na kile ambacho Pemba tunapewa bure na jua. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la huku halitoshi kuufanya mwili utengeneze vitamini D, na sisi wenye ngozi nyeusi, tena tunaojifunika, tunaathirika zaidi. Huduma ya afya ya hapa inashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku miezi hiyo, na watu kama sisi mwaka mzima, na vidonge vyake ni rahisi, vinauzwa kila mahali. Kwenye chakula iko katika samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Kwa hiyo mimi nafungua kopo la sardini, nakaanga kitunguu, tungule na pilipili, namimina samaki na mafuta yake, navunja mayai mawili juu na kufunika. Dakika kumi, na wali uliotoka kwenye friji unapata mwenzake. Jumamosi, nikiwa mapumziko, nafungua madirisha yote mawili na kukaanga samaki mzima nipendavyo, nikijua kabisa kwamba joto nililolinunua wiki nzima linatoka nje. Wewe usifanye hivyo. Funika sufuria kila unapopika, kwa kuwa mvuke unakwenda kugeuka maji kwenye vioo, maji yanateremka ukutani, na ukuta unaota ukungu mweusi ambao mwenye nyumba atasema umeuleta wewe.

Katika mzigo wako tia bizari zilizosagwa nyumbani, magome ya mdalasini na iliki. Karafuu sizitaji, Mpemba hahitaji kuelezwa kwa nini. Samli mwambie bibi asijisumbue, maana nyama, maziwa na vinavyotokana na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, na sitaki kusikia samli ya wiki nzima imemwagwa uwanja wa ndege.

Liko moja la mwisho, na mama yako alisome pia. Nikisema nakula adesi siku nne katika wiki siwapigi mafumbo, wala siwadai shukrani. Mshahara ukiingia mimi natuma Wete kwanza, ndipo nalipa chumba, ndipo najaza mita, na kinachobaki ndicho chakula. Wewe ukija usifuate mpangilio huo. Tenga kwanza pesa ya mita na ya jikoni, kwani mtu asiyekula chakula cha moto miezi hii anaugua, na mgonjwa hatumi kitu. Wakikuandikia kwamba mabati yanavuja, waambie wasubiri mwisho wa mwezi. Ila mama yako akilazwa, mwanangu, tuma yote, ule muhogo na chumvi, na usiniulize kama umekosea.

Shemegi, umeniagiza ile mashine ya kukaangia kwa hewa bila mafuta, ukasema kwamba huku inagawiwa karibu na bure. Haigawiwi. Mimi mwenyewe sina, na mwezi huu siinunui. Plagi yake ni ya pini tatu kama zenu, kwa hiyo itafanya kazi, lakini inavuta umeme sana, na ukiiwasha huku friji na pasi vinafanya kazi utanipigia simu kuniomba pesa ya Tukuza. Uliza kama dada anaitaka kweli au unaitaka wewe. Akisema anaitaka, nipe mpaka baada ya Ramadhani, na aniambie anataka ya ukubwa gani.