Jinsi ya kusoma sauti za ajabu kwenye Elite Dangerous

Mkuu, umeuliza kama ile sauti uliyoinasa kwenye gemu la anga la Elite Dangerous, karibu na kifaa cha Thargoid (viumbe wageni wa humo), ina ujumbe ndani yake au ni kelele za kutisha tu. Ujumbe unaweza kuwemo kweli, na kuutafuta hakuhitaji uwe fundi wa redio.

Kazi kubwa ni kurekodi. Kwenye mipangilio ya sauti zima muziki na ile sauti ya kompyuta ya chombo, kisha simamisha chombo kabisa. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili inayobakiza sauti yote. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio halizikosi sana, hasa za masafa ya juu, na ujumbe unaweza kuwa umefichwa hukohuko juu.

Halafu fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure, na ugeuze mwonekano uwe spektrogramu. Ukisoma kwa mlalo unaona muda, kwa wima masafa, na mwangaza ni nguvu ya sauti. Cheza na ukubwa wa dirisha, yaani kipande cha sauti kinachochambuliwa kwa mara moja: 8192 hutenganisha masafa vizuri ila hufifisha muda, 512 hufanya kinyume. Mimi huanza na 2048, nikiona milio ya kukatikakatika nashuka. Wachezaji walipokutana na aina ya pili ya kifaa cha Thargoid mwaka 2016, waligundua kwamba ukikipigia skana ya chombo kinajibu kwa mlio mrefu. Masikioni ni mkwaruzo mtupu. Kwenye spektrogramu ni mchoro uliopangwa kwa makusudi. Siku ya kwanza kuuona kwenye skrini yangu mwenyewe nilisisimka mwili mzima!

Aina ya kwanza, ya 2015, ilitumia Morse, alfabeti ya milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari). Kwa kawaida kistari ni nukta tatu kwa urefu, na kati ya herufi mbili unaacha nafasi ya nukta tatu. Gemu halilazimiki kufuata vipimo hivyo, kwa hiyo pima kwanza milio inatofautianaje, ndipo uanze kuandika herufi.

Sasa lililo muhimu kuliko yote: hamisha kifaa, urekodi tena. Herufi za kile cha 2015 zilikuwa jina la nyota au sayari iliyo karibu nacho, na ukikipeleka kwingine jina linabadilika. Ukiwa na rekodi moja tu unaweza kuipa maana yoyote unayoitaka. Ya pili, kutoka mahali pengine, ndiyo inayokubana. Vilevile tazama kinageukia wapi. Kile kilikuwa kinaelekea Merope, mojawapo ya nyota za Kilimia, Kilimia hikihiki tunachokiona angani usiku, na mwelekeo uliochukuliwa kutoka mifumo tofauti ya nyota ulikutana hapo. Mimi nauheshimu ugunduzi huo kuliko hata michoro, maana haukuhitaji programu yoyote, ni subira na vipimo tu.

Kabla hujakipakia kwenye shehena, funga raki ya mizigo inayostahimili ulikaji (kuliwa kwa chuma). Vifaa hivi hula chombo taratibu, na safari ya Kilimia ni ndefu.

Ukipata rekodi mbili ziweke hapa zikiwa WAV, pamoja na jina la mfumo na la sayari iliyokuwa karibu kwa kila moja. Nitazipitia na wewe.