Maswali ya Wasomaji: Atomu Ikikosekana, Jirani Zake Husogea Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kitabu chetu kinaonyesha fuwele (kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia) iliyokosa atomu moja, huku atomu nyingine zote zikiwa zimechorwa palepale zilipokuwa. Je, ni kweli kwamba hazisogei? Na kama zinasogea, mbona haziporomoki zote na kulijaza pengo hilo?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Zinasogea, ingawa simlaumu mchoraji, kwa kuwa mwendo wenyewe ni mdogo mno kuonekana kwenye karatasi. Kila atomu katika fuwele hukaa mahali ambapo kani zinazoivuta na zinazoisukuma zimelingana. Jirani mmoja akiondoka, ulinganifu huo huvunjika, na zilizobaki hujongea hadi zipate mahali papya pa kutulia. Haziporomoki kwa sababu kila moja bado imeshikwa na jirani zake wa pande nyingine. Katika shaba, kwa mfano, kila atomu ina jirani 12 walio umbali wa nanomita 0.256 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na pengo linapotokea hao 12 husogea ndani kwa takriban asilimia moja au mbili tu ya umbali huo.

Lakini usichukulie kwamba mwelekeo huwa ni wa ndani siku zote. Katika chumvi ya mezani, ioni (atomu yenye chaji ya umeme) ya sodiamu yenye chaji chanya huzungukwa na ioni sita za kloraidi zenye chaji hasi. Sodiamu hiyo ikikosekana, kloraidi hizo huwa zimempoteza aliyekuwa akizivuta pamoja, na kwa kuwa zenyewe husukumana, hurudi nyuma na kulipanua pengo. Ioni za sodiamu zilizo hatua moja mbele yake huvutwa kuelekea pengoni, kwani mahali palipopoteza chaji chanya huwa kama pana chaji hasi. Wanasayansi Mott na Littleton walionyesha mwaka 1938 namna ya kukokotoa misogeo hiyo, na mbinu yao ingali inatumika.

Kadiri unavyokwenda mbali na pengo, msogeo hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, msogeo hubaki takriban robo, ingawa karibu kabisa na pengo kanuni hii haifuatwi sawasawa.

Kuna jambo moja ambalo huwatatiza wengi. Ingawa jirani katika metali husogea ndani, kipande chenyewe cha metali hutanuka mapengo yanapoongezeka kwa joto, kwa sababu atomu iliyotoka haipotei, bali huenda kukaa mahali pengine, kama vile juu ya uso wa fuwele, na kuongeza ujazo kuliko ule unaopunguzwa na kujongea kwa jirani. Wanasayansi Simmons na Balluffi wa Marekani waliitumia tofauti hiyo mwaka 1960 walipopasha moto alumini huku wakipima kwa pamoja urefu wa kipande na, kwa kutumia eksirei, nafasi iliyopo kati ya atomu. Kama mapengo yasingeongezeka, vipimo hivyo viwili vingekua kwa uwiano uleule. Urefu ulipozidi, ziada hiyo ikawapa idadi ya mapengo, ambayo karibu na nyuzi 660 za Selsiasi, alumini inapoyeyuka, ni kama 9 katika kila mahali 10,000 pa atomu.