Mmea mnene usioujua jina: anza na miiba na utomvu

Msomaji wa Mbarara, Uganda, ametuma picha ya mmea mnene wenye miiba alioununua kando ya barabara. Muuzaji kamwambia ni kaktasi, basi. Anauliza aumwagilie mara ngapi.

Maji yasubiri. Kwanza tazama miiba. Ya kaktasi huota kwenye vifundo vidogo vyenye manyoya. Ikiota miwili miwili juu ya mbavu za shina, bila manyoya, huenda una ndugu wa mnyaa, jamii ya Euphorbia. Ile miti mirefu yenye matawi kama kinara pale hifadhi ya Queen Elizabeth ni ya jamii hiyo, ingawa watalii huiita kaktasi.

Kuhakikisha, vaa glavu, kinga macho, kisha choma shina kidogo kwa sindano. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, karibu hakika ni Euphorbia. Maziwa hayo huunguza ngozi, na jichoni yanaweza kukupofusha kwa muda. Yakigusa ngozi, yafute kwa karatasi, kisha uoshe kwa sabuni. Maji matupu hayayaondoi. Yakiingia jichoni, usisugue: suuza kwa maji safi dakika 15 mfululizo, kisha nenda hospitali.

Jani la mshubiri likikatwa hutoa majimaji ya njano, machungu, na ndani lina ute angavu usio na rangi. Lakini kukosa maziwa hakumaanishi usalama. Kalanchoe, ambayo baadhi ya aina zake huotesha vichipukizi ukingoni mwa jani, haina maziwa na bado sumu yake hushambulia moyo wa mbuzi na ng'ombe. Usitupe matawi yake zizini!

Sasa maji. Changanya udongo na mchanga mnene uliooshwa, nusu kwa nusu, kwenye chungu au dumu lililotobolewa chini. Udongo wa shambani peke yake hushikamana na kuozesha mizizi. Chomeka kijiti hadi chini. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, uweke barazani penye mwanga. Ukirefuka na kuwa mwembamba, umekosa mwanga, ila usiutoe juani ghafla, utaungua mabaka.

Shina likilainika na kuwa la kahawia chini, kata juu ya palipooza mpaka uone nyama safi. Kama ni Euphorbia, chovya kidonda majini ili maziwa yakome. Kipande hicho cha juu kianike kivulini wiki nzima, ndipo upande kwenye mchanga mkavu.