Vijana wa mizani, lori tupu lipimwe kila safari

Juzi nilimkuta kijana wetu mpya akinakili uzito wa lori tupu kutoka mlangoni mwa lori, pale ulipoandikwa kwa rangi. Nikamnyang'anya kalamu. Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mizani ya malori msimu huu, nisikilizeni.

1. Lori likishashusha, lirudi kwenye jukwaa la mizani lipimwe tupu, maana uzito wa mzigo ni uzito wa lori lililojaa toa uzito wa lori tupu. Kila safari. Nilipokuwa karani kwenye shamba moja huko Kiryandongo, Uganda, tulikusanya mahindi ya majirani kwa Fuso, kila mkulima safari yake. Fuso lile nililipima tupu mara moja tu, asubuhi ya mvua: tangi limejaa, turubai limelowa, tope limeganda chini ya bodi, tairi mbili za akiba, utingo wamelala nyuma. Nikaandika kilo 5,230, na namba hiyo nikaitumia wiki tatu. Mvua ikakata, tope likadondoka, mimi sina habari. Akaja mama mmoja na daftari la shule. "Mwanangu, magunia yangu 52 nimeyapima moja moja nyumbani. Ni kilo 5,210. Karatasi yako inasema 4,970." Nikamjibu, mbele ya watu, kwamba mizani yake ya kuning'iniza ndiyo mbovu. Akafunga daftari, akaondoka bila neno. Usiku huo sikulala. Alfajiri nikapandisha lori tupu: 4,990. Tope lilidondoka siku gani hatukuweza kujua, basi bosi akalipa kilo 240 kwa safari zote 19. Kilo 4,560 za jasho la watu. Hela ya mama niliipeleka mwenyewe hadi kwake. Alinikaribisha chai, na mpaka leo nikiikumbuka chai ile nashindwa kumeza.

2. Kabla lori halijapanda, kioo kisome sifuri. Fagieni punje na kokoto zilizobana kandokando ya jukwaa.

3. Unyevu uandikwe kwenye karatasi ileile ya uzito. Tani 30 za mahindi zenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi 13.5 inayotakiwa Afrika Mashariki, hubaki kilo 28,440 hivi.

4. Bosi akiuliza anunue mizani ipi, apime kwanza urefu wa lori refu kuliko yote linaloingia shambani. Jukwaa fupi litawalazimisha kupima ekseli za mbele, kisha za nyuma, na njia ya kupandia isipokuwa sawasawa namba hucheza. Waya wa ardhini asiuache, radi za kwetu mnazijua. Na fundi asichomelee lori likiwa juu ya mizani! Umeme ule hupita kwenye seli za uzito, vile vipimio vilivyo chini ya jukwaa, na kuziunguza.

5. Muhuri wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, usipitwe na muda. Kila Jumatatu simamisheni lori moja mbele, kati na nyuma ya jukwaa. Namba zikitofautiana, acheni kupima, mwiteni fundi.

Na wewe kijana, kalamu yako iko kwenye droo yangu. Njoo uichukue ukishalipima lile lori likiwa tupu.