Jibu: Viraka vyangu vinapita, mbona sijapewa haki ya komiti?

Mkuu, umesema viraka vyako 11, yaani marekebisho ya msimbo uliyotuma, vimeshaingia kwenye mradi mmoja wa Apache, taasisi ya programu huria, na unauliza fomu ya kuomba haki ya komiti, yaani ruhusa ya kuingiza msimbo mwenyewe moja kwa moja, iko wapi. Fomu hakuna. Apache huombi, unapendekezwa. Mjumbe wa kamati ya mradi, wenyewe wanaiita PMC, anataja jina lako kwenye orodha yao ya faragha ya barua pepe, wanakujadili weee, kisha wanapiga kura. Kwa kawaida kura inakaa wazi saa 72. Zinatakiwa angalau +1 (kura za ndiyo) tatu za wajumbe, na -1 (kura ya kupinga) moja yenye sababu inaweza kukukwamisha. Wewe muda wote huo huna habari! Siku moja unakuta barua: tunakukaribisha, unakubali? Ukikubali unasaini mkataba wa mchangiaji, ICLA, unachagua jina la akaunti, basi.

Idadi ya viraka si kitu sana. Wanaangalia ukikosolewa unajibuje. Mtu akikuandikia "hapa umesahau jaribio" (msimbo wa kupima kama kiraka kinafanya kazi), usimjibu "mbona kwangu inafanya kazi". Andika jaribio, tuma tena. Halafu anza kupitia viraka vya wenzako. Wengi hapo ndipo wanapolala. Hata anayeandika nyaraka tu anaweza kupewa haki hiyo.

Ila usichanganye na Linux. Kule wasimamizi wengi wana miti yao ya Git, yaani nakala zao za msimbo zenye historia ya mabadiliko, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ndiye anayevuta kazi zao kwenye mti mkuu.