Kabla hujanunua kitabu cha safari, fungua ukurasa wa mji wako

Mwaka 2022 nilimpeleka mama yangu Unguja. Mama ni mtu wa Tukuyu, alikuwa hajawahi kuvuka bahari, na Kiingereza hasomi. Nikamtafutia kitabu cha mwongozo chenye picha nyingi, nikakipata kwa kijana anayetandaza vitabu vya mtumba pale Mwanjelwa, Mbeya. Kilipendeza kweli. Karatasi zinang'aa, jalada gumu, na katikati kuna picha ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Unguja, iliyojaza kurasa mbili, jengo jeupe lenye mnara wa saa juu yake. Mama alikaa na picha hiyo wiki tatu. Kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa.

Tulipofika Forodhani, mbele ya jengo lenyewe, alisimama, akafungua kitabu, akatazama jengo lililozungushiwa uzio, akarudi kwenye kitabu.

"Mwanangu, mbona mnara siuoni?"

Mnara ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya mbele ya jengo, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Habari ile niliisikia wakati huo kisha ikanitoka kichwani. Kitabu chetu kilichapwa 2011. Nilikagua picha zote, nikauruka ule ukurasa wa mwanzoni wenye maandishi madogo ya mwaka. Uso wa mama siku ile sijausahau, na tangu hapo sinunui kitabu cha safari kwa haraka.

Mwaka uangalie kwanza, lakini uangalie vizuri. Kitabu kinaweza kupigwa chapa tena mwaka jana huku maneno na picha ni zilezile za zamani. Tafuta palipoandikwa kwamba toleo limepitiwa upya.

Halafu fanya jaribio ninaloliamini kuliko yote: kama kitabu kinahusu nchi nzima, fungua ukurasa wa mahali unapopajua. Mimi hufungua Mbeya. Kikiniambia ndege zinatua mjini, najua mwandishi hajafika huku tangu uwanja wa Songwe, ulio nje ya mji, uanze kazi mwaka 2012. Kimoja kilikuwa na picha ya Mlima Rungwe, chini yake kimeandika Loleza, mlima mwingine ulio juu ya mji wa Mbeya. Nilikirudisha palepale. Aliyekosea mlima ninaouona kila asubuhi, nitamwaminije kwenye vichochoro vya mji nisioujua?

Sasa picha zenyewe. Watu wengi huvutiwa na picha za kamera za machweo na ufukwe. Mimi natafuta michoro. Picha ya kamera inakuonyesha jengo kwa nje, lakini mchoro mzuri unalipasua ukaona ngazi ilipo, ua wa ndani, na chumba kipi kinafuata kipi. Kitabu chetu, pamoja na uzee wake, kilikuwa na ukurasa mmoja wa namna hiyo, nao ndio uliookoa safari. Ulichora mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, sehemu kwa sehemu: kizingiti cha juu, fremu yenye nakshi ya mnyororo, mfaa, yaani ule mti wa katikati panapokutana mbao mbili za mlango, na njumu, vile vifundo vya shaba vilivyopigiliwa. Pembeni ulionyesha tofauti ya mlango wa Kiarabu wenye kichwa kilichonyooka na ule wa Kihindi wenye tao juu. Mama hakuhitaji kusoma neno hata moja. Siku ya pili yeye ndiye aliyekuwa ananiongoza, kitabu mkononi, anagusa nakshi kwa kidole: "Huu ni wa tao. Na hapa chini wamechonga samaki, umemwona?" Tulizunguka mitaa ya Shangani na Kiponda hadi jua likawa kali.

Kwenye ramani uwe mkali. Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo gari halipiti, na ramani ikiuchora kama kipande kimoja cha rangi, haina faida. Soma kipimo chake: sentimita moja ikiwa mita 50 hivi, utaona njia ndogo. Ikiwa mita 200, zimeshamezwa. Angalia pia kama alama kubwa zimewekwa, mfano kanisa la Anglikana la Mkunazini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, maana mtu akipotea huulizia alama kama hiyo, haulizii jina la mtaa.

Uzito nao usiudharau. Karatasi za kung'aa ni nzito, na mzee akichoka, wewe ndiye utakayebeba. Kikunjue pia mbele ya muuzaji. Kurasa zilizobandikwa gundi tupu huanza kuachia mapema, zilizoshonwa kwa uzi hudumu.

Kile cha mama bado kipo Tukuyu, kwenye kabati la vyombo. Nilichukua penseli nikaandika kando ya ile picha kubwa: "Mnara huu ulianguka 25 Desemba 2020." Mdogo wangu amekiomba, anataka kwenda Unguja Desemba.