Nenosiri la MySQL ndani ya msimbo

SWALI: Ndugu wahariri, nenosiri la MySQL (mfumo wa hifadhidata) limo ndani ya msimbo wetu wa PHP, na msimbo wote uko kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo). Nikilifuta, yatosha?

JIBU: Haitoshi. Git hutunza historia. Mwenye nakala ya historia hiyo bado atalisoma. Kwanza badilisha nenosiri lenyewe kwenye MySQL, leo hii. Kisha andika jina la seva, la mtumiaji na nenosiri jipya kwenye faili la mipangilio, config.ini, nje ya public_html (folda inayofikiwa na wageni wa tovuti), ulisome faili hilo kwa parse_ini_file(), kitendakazi cha PHP. Nenosiri lifunge kwa nukuu za mkato mmoja ('...'): bila nukuu, nukta mkato (;) hulikata na alama ya mshangao (!) huleta hitilafu. Ruhusa ya faili iwe 640 (mmiliki asome na kuandika, kundi lisome tu), kundi liwe la seva ya wavuti. Ukiweka 600 (mmiliki pekee) na mmiliki si mtumiaji anayeendesha PHP, PHP haitalisoma.